Kabla Hujakitia Chunguni



Leo naomba ufungue Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, aya ya 38 mpaka 41. Ni aya nne tu, zimebanwa katikati ya miujiza mikubwa ya Elisha, kwa hiyo wengi tunazipita mbio kwenda kwa Naamani na ukoma wake. Zisome taratibu.

Kuna njaa katika nchi. Elisha amerudi Gilgali, na wanafunzi wa manabii wameketi mbele yake. Anamwambia mtumishi wake abandike chungu kikubwa, awapikie. Sasa kijana mmoja, kwa bidii yake, anatoka kwenda porini kutafuta mboga. Anakuta mmea unaotambaa, umejaa matunda. Anachuma, anajaza nguo yake, anarudi, anayakatakata na kuyatia chunguni. Biblia inasema wazi kwamba hawakuyajua yale matunda. Wakaanza kula, na hapo hapo wakapiga kelele kwamba ndani ya chungu mna mauti.

Angalia jambo moja hapo. Yule kijana hakuwa mtu mbaya. Hakuwa mvivu pia, maana wenzake wamekaa na yeye ndiye aliyetoka. Wataalamu wengi wa Biblia wanadhani alichochuma ni tikiti chungu la jangwani, ambalo ni ndugu wa damu wa tikiti maji tunalolijua. Ukiliona limelala mchangani unaona tikiti dogo tu. Macho yake yalikuwa mazima. Aliona kitu kinachofanana na kitu anachokijua, akamaliza kazi hapo. Na kwenye kundi lote la watu waliokuwa wanajifunza unabii, hakuna hata mmoja aliyeinuka kuuliza, "Hivi haya ni matunda gani?"

Haya, sasa tuje kwetu.

Siku hizi tuna simu. Unapiga picha ya ua, unaipeleka kwenye programu, kabla hujamaliza kupangusa jasho unapewa jina. Ziko kadhaa. Pl@ntNet ilianzia Ufaransa mwaka 2013. iNaturalist ilianza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa chuo kikuu kule California, na hii ina kitu kizuri ninachokipenda: mashine inapendekeza, lakini watu wengine wanaoijua mimea wanaweza kuja kukubali au kukataa. Mimi nazipenda sana programu hizi, niseme ukweli. Zimewafanya vijana wetu wainame kutazama kitu ambacho zamani walikikanyaga tu.

Masika iliyopita tulikwenda na vijana wa parokia kwa miguu kutoka Tabora mjini mpaka Kwihara, kule kwenye tembe ambako Livingstone alikaa miezi kadhaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Ilikuwa hija fupi, rozari mkononi, chupa ya maji begani. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na pori lilikuwa limevaa. Kila mwenye bando aligeuka mtaalamu wa mimea. Mmoja akaliona lile ua ambalo ukilitazama unakumbuka Pentekoste: petali nyekundu zenye ukingo wa njano, zimepinda zote kuelekea juu kama ndimi za moto, na ncha za majani yake zimejikunja kama vidole vinavyoshika vichaka jirani. Akapiga picha. Simu ikamjibu bila kusita: Gloriosa superba. Na ilikuwa sahihi kabisa!

Akafurahi, akachimbua. Chini kuna kiazi, kirefu, kimepinda, kwa mbali kama kiazi kikuu. Akasema kwa utani, ila utani wa mtu mwenye njaa, "Hiki tukifika tunachoma."

Bahati ilitupita mama mmoja mzee na jembe lake begani. Tukamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia marahaba, akaangalia ile mikono yenye udongo, akasema polepole, "Mjukuu wangu, weka chini hicho. Halafu unawe." Hakuuliza tunatoka wapi. Alisimama pale mpaka kijana akanawa kwa maji yake ya kunywa, ndipo akaendelea na safari.

Kile kiazi kina sumu inayoitwa kolchisini. Hospitalini, kwa kipimo kidogo mno, hutumika kutibu ugonjwa wa gauti. Ukizidisha kidogo tu inaua, na inaua kwa mateso. Mmea mzima unayo, ila kwenye kiazi na mbegu ndiko iliko kwa wingi.

Nimelifikiria tukio lile mara nyingi, maana halikuwa kosa la mashine. Jina lilipatikana, tena la Kilatini! Kijana alikuwa na jina mkononi na mauti mkononi kwa wakati mmoja, na jina halikumsaidia chochote. Yule bibi sijui kama ana simu. Lakini alijua ule mmea unafanya nini ndani ya tumbo la mtu, na alijua kwa sababu ameishi nao, na labda kwa sababu aliwahi kumzika mtu. Kulijua jina la kitu na kukijua kitu ni mambo mawili.

Kwenye Mwanzo 2, aya ya 19 na 20, Mungu anamletea Adamu wanyama ili aone atawaitaje. Tunapenda kusoma pale kana kwamba Adamu alikuwa anabandika lebo dukani. Lakini tazama utaratibu: Mungu ndiye anayewaleta, mmoja mmoja, na Adamu yuko pale, wanatazamana. (Na ukisoma vizuri, miti na maua havitajwi pale. Ni wanyama na ndege tu. Kazi ya mimea naona tuliachiwa sisi wa Tabora.)

Njia ile ya Kwihara si njia ya kawaida. Ni kipande cha barabara ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea mpaka Ujiji kwenye ziwa. Pembe zilipita hapa, na watu waliofungwa minyororo walipita hapa. Miembe ya zamani unayoiona kando ya njia husemwa kwamba ilitokana na misafara hiyo, na mwembe wenyewe asili yake ni Asia ya Kusini, kwa hiyo nao ni msafiri. Mapadre Weupe wa kwanza walifika Tabora kwa njia hiyo hiyo mwaka 1878. Mmoja wao, padre Pascal, alifia njiani kabla ya kufika.

Lakini miaka kumi na saba kabla yao, Januari 1861, walifika hapa Waingereza wawili, Speke na Grant. Speke anatajwa kila kitabu cha historia kwa sababu ya Nile. Grant wengi wetu tunamjua kwa swala tu, yule swala granti. Kumbe Grant alikuwa anakusanya mimea. Njia nzima. Anachuma tawi lenye ua, analibana katikati ya karatasi, analikausha, anaandika limeota wapi na wenyeji wanalifanyia nini. Kule Karagwe aliugua mguu akalala miezi, hawezi hata kusimama. Mimea ile ilibebwa vichwani, katika mizigo, mpaka ikafika Kew, bustani kubwa ya mimea karibu na London. Wataalamu wa kule walikaa nayo, wakailinganisha na mingine, na kitabu chake kilianza kutoka mwaka 1872 kikamalizika mwaka 1875. Tangu kuchuma mpaka kujua, zaidi ya miaka kumi! Na baadaye, kazi ya kuorodhesha mimea yote ya Tanzania, Kenya na Uganda ilianza kuchapishwa mwaka 1952 na kumalizika mwaka 2012. Miaka 60, spishi zaidi ya 12,000. Ndipo mimi na wewe tunataka jibu kwa sekunde tatu.

Na wale waliobeba? Kwa miaka yote ya misafara, maelfu kwa maelfu ya Wanyamwezi walitembea njia hii na mzigo begani, baba za babu zetu. Wachache tu majina yao yaliandikwa mahali. Hao ndio waliokuwa wanajua kwamba gome hili linatuliza homa na tunda lile lina sumu, kwa sababu walikula porini. Maarifa mengi yaliyomo kwenye vitabu vile yalitoka vinywani mwao. Nabii Isaya, sura ya 43, anamsikia Mungu akimwambia Israeli kwamba amemwita kwa jina lake. Mimi nikipita pale kwenye miembe huwa nasali fungu moja la rozari kwa ajili ya wapagazi. Nakuomba na wewe ujaribu siku moja.

Turudi kwenye simu, maana kuna jambo la kiufundi ambalo lina Injili ndani yake.

Mashine ile inajuaje jina? Imeonyeshwa mamilioni ya picha ambazo watu walishazipa majina. Ukiipa picha yako, inatafuta inafanana zaidi na zipi. Sasa mimea ya Ulaya imepigwa picha na kila mtu anayetembea na mbwa wake. Mimea ya miombo ya Sikonge au Urambo imepigwa picha na wachache sana. Matokeo yake mashine inaelekea kulitaja lile ililoliona mara nyingi. Unaipa tunda la mtonga, ile mviringo yenye ganda gumu kama la mbao, nayo yaweza kukutajia chungwa. Na hata ikipatia ukoo wa mtonga, bado una kazi: mtonga tunaula tangu utoto, lakini ndugu yake wa Asia ndiye anayetoa strikinini, sumu ya kuua panya na mbwa. Ukoo mmoja, ganda linafanana.

Mtu anayejua mimea hatakubali picha moja. Atakuomba ua kwa mbele na kwa ubavu. Atakuomba jani juu na chini, na namna majani yanavyoshikana na kijiti. Gome. Tunda kama lipo. Mti mzima ukiwa umesimama mbali. Atauliza ulipiga wapi na mwezi gani. Mwezi ni muhimu kuliko unavyodhani. Nenda porini mwezi wa tisa au wa kumi kabla ya mvua, utaona miyombo imegeuka nyekundu kama shaba. Mgeni anapiga picha anasema maua mazuri. Si maua yale, ni majani machanga, wiki chache baadaye ni ya kijani kama mengine. Mninga nao ukiukuta hauna majani, unapita tu. Subiri tunda lake, lile duara lenye miiba katikati na bawa jembamba pande zote, hapo hata mtoto atakwambia ni mninga. Au ukate kidogo gome uone utomvu mwekundu kama damu. Ila usikate, tafadhali. Miti yetu imeshakatwa vya kutosha kwa kukaushia tumbaku na kuchomea mkaa, na Papa Fransisko kwenye Laudato Si' ya mwaka 2015 alisikitika kwamba kila mwaka spishi nyingi zinapotea ambazo watoto wetu hawataziona kamwe.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo nilipokuwa naelekea.

Katika kwaya moja, sitasema ya wapi, kuna mtu alimpiga picha binti akitoka alfajiri kwenye nyumba ya kulala wageni, ana mfuko mkononi na kitenge kichwani. Picha moja. Kwa ubavu, tena ya mbali. Akaitupia kwenye kundi la WhatsApp la kwaya na swali: "Jamani, huyu si yule wa sauti ya pili?" Kabla ya dakika kumi walishampata: jina, jumuiya yake, na hukumu. Mmoja akaweka kicheko. Mwingine akaweka aya ya Biblia, eti.

Binti yule alikuwa anafua mashuka pale, zamu ya usiku. Baba yake anaumwa na mdogo wake yuko sekondari. Kwenye mfuko mlikuwa na sare yake ya kazi. Hakuna aliyemuuliza, kama vile hakuna aliyeuliza kule Gilgali. Aliacha kuja mazoezini, kisha akaacha jumuiya.

Ukweli ulipojulikana, kundi likajaa emoji za mikono miwili iliyokutana. "Samahani dada." Nadhani walidhani wamemaliza.

Hawajamaliza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inataja dhambi tatu hapa, na haizichanganyi. Ya kwanza ni hukumu ya haraka, kuamini bila msingi wa kutosha kwamba mwenzako ametenda vibaya; hata ukiamini kimoyomoyo tu, umeshaingia. Ya pili ni kufichua kosa la mtu kwa wasiolijua, bila sababu ya haki. Hii wengi hatuijui, tunajitetea kwamba "lakini ni kweli!" Hata likiwa kweli. Ya tatu ni kusingizia. Halafu namba 2487 inasema aliyemharibia mtu jina ana wajibu wa kulitengeneza, na wajibu huo haufutiki eti kwa sababu amesamehewa. Yaani ukitoka kwenye kiti cha kitubio bado una safari ya kwenda kwa huyo dada.

Elisha hakuwaambia watu wake wamwage chungu, na hakumfukuza yule kijana. Aliomba unga. Ukiniuliza mimi, emoji haiwezi kuwa unga. Unga lazima mtu aende ghalani, auchote kwa mkono wake, aulete. Akina mama wawili wa WAWATA ndio waliokwenda. Walimkuta anafua, za nyumbani safari hii, wakakaa chini wakafua naye. Hawakugusia kwaya. Wamekwenda tena mara tatu. Sasa anasali misa ya kwanza kwenye kanisa jingine, anakaa viti vya nyuma, anatoka kabla ya matangazo. Kwenye kwaya hajarudi na siwezi kukuahidi kwamba atarudi.

Marko 8, kuanzia aya ya 22, Yesu anamponya kipofu wa Bethsaida. Anamgusa, kisha anamuuliza kama anaona kitu. Yule mtu anajibu kwa uaminifu mkubwa: anaona watu, lakini wanaonekana kama miti inayotembea. Angeweza kusema "naona, asante Bwana" akaondoka zake, na maisha yake yote angeishi kati ya miti inayotembea akidhani ndio watu. Alikubali kusema kwamba haoni vizuri. Yesu akamgusa mara ya pili.

Na asubuhi ya Pasaka, Yohane 20, Maria Magdalena anamtazama Yesu uso kwa uso na kudhani ni mtunza bustani. Mazingira yalifanana: bustani, alfajiri, mwanamume amesimama. Macho yamejaa machozi, akataja kile ambacho bustanini huonekana mara nyingi. Yesu hakumkemea. Alimwita kwa jina lake, "Maria," na sauti ile ilikuwa ya mtu aliyemfahamu siku nyingi, ndipo akageuka akamtambua.

Wiki hii naomba ufanye hivi. Tafuta mmea mmoja karibu na kwenu usioujua. Mmoja tu. Upige picha leo, na Jumatano, na Jumamosi. Ua, jani, gome, na mti mzima. Iulize programu ukitaka. Halafu mtafute mzee, bibi au babu, au mrina asali yeyote, hawa wa Tabora wanajua nyuki wanakimbilia ua gani kila mwezi, umwamkie vizuri na umuulize unaitwaje kwa Kinyamwezi na unafanya nini. Andika jibu lake, na jina lake yeye mwenyewe kama atakuruhusu. Usionje kitu.

Na kama kwenye simu yako iko picha ya mtu ambayo uliipokea, ukacheka, ukaituma mbele, unajua ni ipi. Ifute kwanza. Kisha waambie wale uliowatumia kwamba hukumjua uliyemtaja. Halafu uende kwake kwa miguu, na usiende mikono mitupu.